Matunda ya kuokota yasikutane na ya kuchuma kwenye sufuria moja

Msimu wa maembe ukifika ukanda wa chini wa Moshi, au parachichi zikikomaa Machame, Marangu na Arumeru, vikundi vya usindikaji hupokea mizigo mingi kwa siku. Matunda yanapimwa, yanalipiwa, yanamwagwa pamoja. Ni nadra mpokeaji kuuliza: haya mmeyachuma au mmeyaokota? Ndugu zangu wasindikaji, hilo liwe swali la kwanza, kabla hata ya kusoma mizani.

Fikirieni kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, kilivyo. Chini ya mparachichi kuna migomba, kwenye mashina ya migomba imetandazwa samadi ya ng'ombe na mbuzi, kuku wanachakura, na mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, unapita pembeni. Tunda likidondoka hapo limetua kwenye kinyesi, hata kama macho yanaona udongo mweusi mzuri. Samadi ambayo haijaoza vizuri hubeba bakteria wa Salmonella na aina hatari za E. coli, na tunda lililopasuka huwafungulia mlango na kuwapa sukari.

Mwaka 1996 nchini Marekani, juisi ya tufaha iliyouzwa bila kupashwa moto iliwaugulisha watu zaidi ya 60 na kumuua mtoto mmoja. Aliyehusika ni E. coli O157:H7, bakteria anayeishi kwenye utumbo wa ng'ombe. Januari 2001 nchi hiyo ilitoa kanuni mpya za juisi, na sharti mojawapo linafaa kubandikwa ukutani kwetu: msindikaji wa juisi ya machungwa anayeua vijidudu kwenye ganda tu, bila kupasha juisi yenyewe, lazima atumie tunda lisilo na jeraha lililochumwa mtini. La kuokota haliruhusiwi.

Chukua embe lililoanguka jana ulipasue mbele ya wanakikundi. Nje lina mchubuko usiozidi ukucha wa kidole gumba. Ndani, chini ya mchubuko huo, nyama imegeuka kahawia na kulainika kuelekea kwenye kokwa, na inaanza kunuka pombe. Angalia ganda kwa makini, mara nyingi utaona kitundu cheusi mfano wa alama ya sindano. Hapo inzi wa matunda ametaga, na ukifuatisha kwa kisu utawakuta funza weupe. Sasa waulize wenzako kama wangekata sehemu mbaya na kusaga iliyobaki. Wengi hufanya hivyo, na ni kosa, kwa sababu uozo husambaa ndani kabla haujaonekana. Kwenye tufaha, kuvu wa uozo huacha sumu iitwayo patulini ambayo kuchemsha hakuiondoi. Viwango vya kimataifa vinaruhusu isizidi mikrogramu 50 katika kila kilo ya juisi.

Ushauri wangu kwa kikundi ni huu. Juisi, na matunda ya kukausha, ni ya kuchuma tu. Joto la kaushio la jua halitoshi kuua vijidudu vyote, kwa hiyo usilitegemee. Jamu na achari ya embe zinaweza kupokea tunda lililoanguka iwapo limeangukia kwenye turubai safi au wavu uliotandazwa makusudi, limeokotwa siku hiyohiyo, ni gumu na halina ufa. Papai la kuokota likataeni kabisa, maana asidi yake ni ndogo. Hata la kuchuma linahitaji limao likitengenezewa jamu. Parachichi la kukamua mafuta nalo lisiwe la kuokota, ila kwa sababu nyingine: lililoanguka kabla ya kukomaa halijajaa mafuta, na lililopondeka hutoa mafuta yenye asidi nyingi yanayochacha upesi.

Kuosha husaidia tunda zima tu. Kwa ndoo ya lita 20 za maji safi, weka mililita 60 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, loweka dakika mbili, kisha suuza kwa maji ya kunywa. Embe lililopigwa na jua lisitumbukizwe kwenye maji ya baridi. Likipoa ghafla hufyonza maji kupitia kikonyo, na uchafu wa nje unaingia ndani. Liache kivulini kwanza.

Vikundi vingi huteleza kwenye bei. Ukilipa bei moja kwa matunda yote, mama mwenye miti mirefu na wajukuu wawili ataamka alfajiri aokote, na simlaumu, maana kupanda mti ni hatari na kibarua anataka hela. Kikundi kinunue fito ndefu zenye mfuko wa kuchumia, kiziazime kwa zamu, na bei ya tunda la kuchuma ionekane wazi kuwa kubwa zaidi. Ya turubai yapimwe kwenye kreti ya rangi yake. Katika daftari andikeni jina la mkulima, tarehe, kilo, na kama ni ya kuchuma au ya turubai. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na siku bidhaa ikilalamikiwa daftari hilo litawaonyesha mzigo ulikotoka.

Yaliyokataliwa yasirudi kulala chini ya mti. Inzi wa matunda aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 2003 huzaliana humo: funza hutoka kwenye tunda, hujichimbia udongoni, na inzi wapya hurudi kwenye maembe yaliyobaki. Okoteni kila siku mbili, fungeni kwenye mfuko mweusi wa nailoni mzito na kuuanika juani mpaka funza wafe, au zikeni kwenye shimo na kuyafunika kwa udongo wa nusu mita. Maembe na ndizi mnaweza kuwachemshia nguruwe. Parachichi msimpe mbuzi, hasa anayenyonyesha. Tunda hilo na majani yake yana sumu inayovimbisha kiwele na kukausha maziwa, kwa hiyo hata matawi mliyopogoa yasitupwe bandani.