Tindo ya springi ya gari, mawese, na vile vidogo usivyoviona kwa macho

Wadau habari za saa hizi. Wengi mmeniuliza tindo zangu nazifanyaje maana zinakata nondo na mdomo hauliki, basi leo namwaga yote, ila kwanza nikiri kosa langu: miaka yote nilikuwa naamini moto mkali ndo unatia chuma nguvu. Siku moja mzee mmoja fundi ujenzi wa Ujiji akaja na tindo niliyomuuzia juzi yake tu, imekatika vipande viwili, kaviweka juu ya fuawe. Mi nampa shikamoo, ananijibu, "Marahaba kijana, hivi uliniuzia tindo au biskuti?" Nilichoka. Nikachungulia pale ilipokatikia, panameta punje kubwa kubwa kama chumvi ya Uvinza. Hizo punje ndo habari yenyewe.

Chuma ni chembechembe (ndo hizo punje) zilizoshikana, na ndani ya kila chembe atomu zimejipanga mistari inaelekea upande mmoja, chembe ya jirani mistari yake imekaa upande mwingine. Chuma kikipinda, safu za atomu zinateleza moja juu ya nyingine mpaka zifike mpakani mwa chembe, hapo zinakwama, sawa na bodaboda na tuta. Chembe ndogo maana yake matuta mengi, na chuma kinakuwa na nguvu zaidi. Wanasayansi Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 ndo walioliwekea hesabu jambo hili: ukipunguza ukubwa wa chembe mara 4, nguvu inayotokana na mipaka inaongezeka mara 2. Halafu usidhani unaweza kupunguza bila kikomo, ukishuka chini ya nanomita 10 au 20 hivi (nanomita ni milimita moja ugawe mara milioni) matuta yanakuwa mengi mpaka barabara yenyewe inageuka kifusi, chembe zinaanza kuteleza zenyewe na chuma kinalegea tena. Sisi wa mkaa huko hatufiki, msiogope.

Hatua ya 1. Tafuta springi ya bapa ya gari chakavu. Ina kaboni kama asilimia 0.6, inashika ugumu, nondo ya kawaida haishiki usijisumbue. Angalia nyufa: paka mafuta ya taa, futa kabisa, paka chaki, ufa ukiwepo unajichora wenyewe. Springi iliyokula mashimo miaka mingi usiiamini kwa sura.

Hatua ya 2. Kata na grainda, fua mdomo ikiwa rangi ya chungwa. Ikishuka ikawa nyekundu ya kufifia acha kugonga, irudishe motoni.

Hatua ya 3, na hii ndo wengi wanairuka, hata mi nilikuwa nairuka. Ning'iniza sumaku kwa waya karibu na tanuri. Pasha chuma mpaka sumaku ikatae kushika, hapo ni kama nyuzi 770, ongeza moto kidogo tu, toa, acha kipoe hewani mpaka kiwe cheusi. Rudia mara 3. Kila kikivuka ile joto na kurudi, chembe mpya ndogo zinazaliwa mahali pa zile kubwa. Ukikiacha motoni kikawa cheupe huku unapiga stori, chembe zinamezana, ndogo zinaliwa na kubwa, unarudi kwenye chumvi ya Uvinza.

Hatua ya 4. Mawese ya kuzimishia, yaani kupozea chuma cha moto ghafla. Hapa Kigoma tumebarikiwa, ila mawese mabichi yana maji na maji kwenye mafuta ya moto yanaruka usoni, kwahiyo yachemshe kwanza mpaka yaache kutoa povu, afu yaache yashuke mpaka nyuzi 50 au 60. Asubuhi yakiwa yameganda usizimishie, hayatembei vizuri kwenye chuma. Tumia ndoo ya bati, na mfuniko wa bati uwe mkononi maana yanaweza kuwaka.

Hatua ya 5. Pasha mara ya mwisho, sumaku ikikataa ongeza kidogo, zamisha mdomo tu kama sentimita 5, huku unapandisha na kushusha ili pasiwe na mstari wa kukatikia. Kaboni inanaswa ndani kabla haijatoka, chuma kinajigawa vijiti vyembamba sana. Pitisha tupa: ikiteleza bila kung'ata umepata. Kichwa kibaki laini, kichwa kigumu kinarusha vipande machoni.

Hatua ya 6. Sasa kigumu lakini ni kioo. Haraka piga msasa upande mmoja ung'ae, joto lililobaki nyuma litatembea lenyewe kuja mdomoni. Tazama rangi: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Zambarau ikigusa ukingo na mwili haujabaki mwekundu, zamisha yote. Ile rangi sio rangi jamani, ni utando wa oksaidi wenye unene wa makumi ya nanomita, mwanga unacheza ndani yake kama mafuta juu ya dimbwi. Yaani jicho lako hapo linapima nanomita bila mashine.

Mnaouliza biti za drili za rangi ya dhahabu: ile ni utando wa titaniamu naitraidi, unene wa mikromita chache tu (mikromita ni nanomita 1000), chembe zake ni za makumi ya nanomita, ugumu unapita 2000 kwa kipimo cha Vickers wakati chuma cha biti chenyewe kiko 800 na kitu. Ila juu ya chuma laini ni ganda la yai juu ya uji, linapasuka. Na zipo zilizopakwa rangi tu, kwaruza na msumari utajua.

Kabla hujauza, zimisha kipande cha springi hiyohiyo, kivunje, angalia. Kikiwa kijivu laini kama majivu uko sawa.

Yule mzee nilimpa nyingine bure. Tangu hapo kanunua 3, ila kila akija anaigonga kwanza kwenye bomba la mlango wangu, anasikiliza, ndo anatoa hela.