Jifunze vipeo na vipeuo kwa karatasi ya A4

Ninafundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili, Morogoro, na mada inayowatesa wanafunzi wangu kuliko zote ni vipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 4 kwenye 2⁴) na vipeuo (alama ya √). Kanuni wanazijua, wanazighani kama shairi. Lakini ukiuliza 2⁻⁴ ni ngapi, wengi watakujibu −8, wengine −16. Kwa hiyo kabla sijaandika kanuni yoyote ubaoni, nagawa karatasi kwanza. Nawe chukua A4 mbili na rula, twende pamoja.

Anza na jina la karatasi yenyewe. Mfumo huu ulifanywa kiwango rasmi Ujerumani mwaka 1922, na sasa unatumika karibu dunia nzima, ukiondoa hasa Marekani na Kanada. Karatasi mama ni A0, eneo lake mita ya mraba 1. Ikate katikati, unapata A1. Ikate hiyo, unapata A2, hivyo hivyo hadi A4. Andika maeneo kwa mfuatano: 1, 1/2, 1/4, 1/8, 1/16. Chini yake yaandike kwa vipeo: 2⁰, 2⁻¹, 2⁻², 2⁻³, 2⁻⁴. Namba iliyo kwenye jina la karatasi ndiyo kipeo, ukiiwekea alama ya kutoa mbele.

Hapo kipeo hasi kimeshajieleza. Kinakwambia umegawanya kwa 2 mara ngapi, wala hakiigeuzi namba kuwa hasi. Hakuna karatasi yenye eneo hasi. Na 2⁰ ni karatasi ambayo haijakatwa hata mara moja, ndiyo maana ni 1 na si 0.

Tujaribu kwenye uzito. Rimu nyingi zimeandikwa 80 g/m², yaani gramu 80 kwa kila mita ya mraba. A4 moja basi ni 80 × 2⁻⁴. Vunja 80 iwe 5 × 2⁴, kisha jumlisha vipeo: 5 × 2⁴⁻⁴ = 5 × 2⁰ = gramu 5. Karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Aliyewahi kubeba rimu hadi shuleni siku ya kufungua anaujua uzito huo mkononi.

Sasa vipeuo. Kunja kona ya A4 ili upande mfupi ulale sawasawa juu ya upande mrefu. Mkunjo uliopata ni ulalo wa mraba wenye upande wa milimita 210. Chukua A4 ya pili, weka upande wake mrefu juu ya mkunjo huo. Vinalingana! Kwa kanuni ya Pythagoras, ulalo ukizidishwa kwa wenyewe ni 210² + 210², yaani 2 × 210². Ulalo ni 210√2, maana √2 ni namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2.

√2 imetoka wapi? Waliotengeneza mfumo walitaka nusu ya karatasi iwe na umbo lile lile la karatasi nzima. Tuseme upande mfupi ni 1 na mrefu ni x. Ukikata katikati, mrefu mpya ni 1 na mfupi mpya ni x/2. Uwiano usibadilike: x = 1 ÷ (x/2), yaani x = 2/x, kwa hiyo x² = 2.

Pima kwa rula: 297 kwa 210. Rahisisha 297/210 kwa 3, unapata 99/70. Mwanafunzi makini atauliza hapo hapo: basi √2 ni 99/70? Mimi hulisubiri swali hili kwa hamu. Weka kikokotoo pembeni, zidisha kwa mkono. 99² = 9801. 70² = 4900, na mara mbili yake ni 9800. Zimepishana kwa 1. Kwa kiwanda cha karatasi hiyo si kitu, maana 210√2 ni kama milimita 296.98 na wao wameandika 297. Kwa hisabati, 99/70 imekosa. Na hakuna sehemu nyingine itakayopata.

Hoja yake ni fupi. Tuseme √2 = a/b, sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho. Basi a² = 2b², kwa hiyo a² ni shufwa, na a nayo ni shufwa, kwa kuwa witiri mara witiri huzaa witiri. Andika a = 2c. Unapata 4c² = 2b², yaani b² = 2c², na b nayo imekuwa shufwa. Zote mbili zinagawanyika kwa 2, na tulishasema sehemu imerahisishwa hadi mwisho. Haiwezekani. Iandike hoja hii mwenyewe bila kutazama. Kuisoma tu hakutoshi.

Ndiyo maana nasisitiza: √2 iache ibaki √2 hadi mstari wa mwisho. √8 + √18 = 2√2 + 3√2 = 5√2, jibu kamili. Ukikimbilia desimali utaandika 2.83 + 4.24 = 7.07, na 7.07² ni 49.98, wakati jibu lilipaswa kutoa 50. Jihadhari pia na √(9 + 16). Ni 5, si 7. Kipeuo unaruhusiwa kukitenganisha kwenye kuzidisha na kugawanya, si kwenye kujumlisha.

Ukipita steshenari, angalia mashine ya fotokopi: kukuza A4 kuwa A3 inaandika 141%, kupunguza A3 kuwa A4 inaandika 71%. Ya kwanza ni √2, ya pili ni 1/√2. Kugawa 1 kwa 1.4142 kwa mkono ni adhabu, kwa hiyo ondoa kipeuo kwenye asili: zidisha kiasi na asili kwa √2, upate √2/2. Nusu ya 1.4142 ni 0.7071.

Zoezi la kumalizia: tafuta upande mfupi wa A0 bila kuipima. Ukiuita s, mrefu ni s√2, na s × s√2 = 1. √2 ni 2^(1/2), kwa kuwa ukiizidisha kwa yenyewe vipeo vinajumlishwa, nusu na nusu ni 1. Kwa hiyo s² = 2^(−1/2), na jibu ni 2^(−1/4) ya mita, kama milimita 841.