Jinsi ya Kudai Fidia Pikipiki Inapoharibiwa Katika Matengenezo ya Wito wa Mtengenezaji

Mtengenezaji akigundua kwamba pikipiki za toleo fulani zilitoka kiwandani na kasoro inayoweza kuhatarisha maisha, hutangaza wito wa kuzirejesha kwa mawakala wake ili zirekebishwe bila mwenye pikipiki kulipa chochote. Wito wa namna hiyo haufai kukwepwa hata kidogo. Hata hivyo, hutokea pikipiki ikaingia karakana na kasoro moja ikatoka na nyingine: mfumo wa breki za majimaji umeachwa na hewa ndani yake, waya umebanwa chini ya tangi, nyuzi za boliti zimelika kwa kukazwa kupita kiasi, au tangi limekwaruzwa hadi rangi imetoka. Mwongozo huu unamhusu mwenye pikipiki wa Jiji la Dodoma, pamoja na yule wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa au Kondoa aliyeileta mjini kwa wakala, ambaye sasa anataka uharibifu huo urekebishwe au alipwe.

Jambo moja linabeba madai yote haya, nalo ni kutenganisha kasoro iliyosababisha wito na uharibifu uliotokea karakana. Kasoro ya kwanza ni ya mtengenezaji na tayari ameikubali. Uharibifu wa pili ni wa aliyeshika spana, na huyo hataukubali mpaka aoneshwe kwamba haukuwepo kabla. Madai mengi hufa kwa sababu mambo haya mawili yamechanganywa katika malalamiko mamoja, kisha wakala akajibu la kwanza na kulinyamazia la pili.

Kabla ya kuikabidhi pikipiki

Mpe wakala namba ya chasisi na umwombe athibitishe kwamba pikipiki yako imo katika wito, kwa kuwa wito hufuata namba za chasisi na hauhusu kila pikipiki ya aina hiyo. Namba hiyo ina herufi na tarakimu 17, nayo huonesha pia nchi ilikotoka pikipiki: inayoanza na L ni ya China, inayoanza na J ni ya Japani, na zinazoanza na MA hadi ME ni za India. Iandike mahali salama, maana utaihitaji iwapo barua yako italazimika kufika kwa mtengenezaji mwenyewe.

Piga picha za pikipiki pande zote nne, za tangi, za dashibodi ikionesha kilomita, na za eneo litakalofunguliwa. Washa injini, kisha rekodi video fupi inayosikika mngurumo wake na kuonesha taa zote zikiwaka. Baada ya hapo hakikisha fomu ya mapokezi imejazwa mbele yako, ikieleza hali ya pikipiki, kiasi cha mafuta, kilomita na kazi itakayofanywa, na uondoke na nakala iliyosainiwa. Karakana isiyo na fomu haikuzuii: andika maelezo hayo katika karatasi mbili, umwombe mpokeaji asaini zote, kila mmoja abaki na yake. Kwa hapa kwetu hatua hii ina uzito wa pekee, kwa sababu jibu la kwanza utakalopewa baadaye ni kwamba vumbi na makorongo ya barabara za vijijini ndiyo yaliyoiharibu pikipiki, na jibu hilo haliwezi kusimama mbele ya picha ya asubuhi ileile iliyoingia karakana.

Siku ya kuichukua

Usisaini fomu ya kuipokea kabla ya kuikagua na kuiendesha ndani ya eneo la karakana. Bonyeza breki ya mbele mara kadhaa ukihisi kama inashika sawasawa au inadidimia, geuza usukani hadi mwisho kila upande uone kama kuna waya unaovutwa, chungulia chini ya injini uone kama kuna oili inayodondoka, na linganisha tangi na picha ulizopiga. Ukiona kasoro, iandike kwenye fomu hiyohiyo kabla ya kuweka sahihi. Wakikukatalia kuandika humo, tuma ujumbe wa simu kwa namba ya karakana ukiwa bado hapohapo, ukiambatisha picha, kwa kuwa ujumbe huo utabaki na tarehe na saa yake.

Uharibifu mwingine hauonekani mpaka pikipiki itembee. Ukigundua ukiwa njiani au baada ya siku chache, simamisha matumizi, piga picha ya kilomita ulizofikia na uwaarifu kwa maandishi siku hiyohiyo. Usimpe fundi wa mtaani aifungue, hata kama ni fundi unayemwamini kuliko wote, kwa sababu mkono wa pili ukishaingia, wakala atausingizia mkono huo. Najua ugumu wa kuiegesha pikipiki inayoleta chakula cha siku, lakini kilomita 200 za ziada zinaweza kubomoa madai yote.

Ikiwa kasoro imesababisha ajali, utaratibu unabadilika. Toa taarifa polisi kwanza, chukua fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu ya aliyeumia, na omba pikipiki ikaguliwe na mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi kabla haijaguswa, ukimweleza wazi kwamba ilitoka katika matengenezo ya wito. Ijulishe pia kampuni ya bima. Fahamu kwamba bima ndogo inamlinda mtu mwingine uliyemdhuru, haitengenezi pikipiki yako.

Hoja ya kwamba kazi ilikuwa ya bure

Wapo mawakala watakaokuambia kwamba kwa kuwa hukulipa, huna cha kudai. Hoja hiyo si sahihi, na ni vizuri uwe na jibu lake mapema. Matengenezo ya wito hulipiwa na mtengenezaji, naye wakala hurudishiwa gharama zake. Aliyeachwa bila kulipa ni mwenye pikipiki peke yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaweka katika mikataba ya walaji sharti kwamba huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na kwamba vifaa vinavyotumika vifae kwa kazi yake. Zaidi ya hapo, mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake akaiharibu kwa uzembe anawajibika kwa uharibifu huo, awe amelipwa au hakulipwa.

Ukaguzi huru

Tafuta fundi asiye na uhusiano na wakala wala na wewe aikague pikipiki na aandike ripoti. Chuo cha VETA Dodoma kina walimu wa ufundi wa magari, na gereji iliyosajiliwa yenye muhuri na risiti za EFD nayo inafaa. Mwombe aandike namba ya usajili, namba ya chasisi na kilomita, aeleze alichokiona na si alichoambiwa, atoe maoni yake kuhusu chanzo cha uharibifu, na aorodheshe spea na ufundi unaohitajika pamoja na bei. Sentensi kama “boliti ya kalipa ya breki ilikazwa kupita kipimo, nyuzi zake zimelika, na alama za spana ni mpya” ina nguvu kuliko kurasa tatu za manung'uniko. Ni bora wakala aalikwe kwa maandishi kuhudhuria ukaguzi huo. Asipokuja, mwaliko wenyewe unabaki kuwa ushahidi wako.

Nani awe mdai, na adai kiasi gani

Mdai ni yule ambaye jina lake limo kwenye kadi ya pikipiki. Hapa ndipo madereva wengi wa bodaboda wanapokwama, kwa kuwa pikipiki ya mkataba hubaki kwa jina la tajiri mpaka hesabu ya mwisho ikamilike. Dereva wa namna hiyo aombe barua ya idhini kutoka kwa mwenye kadi, yenye sahihi zao wote wawili, aiambatishe na nakala ya mkataba. Aliyenunua pikipiki mkononi bila kubadilisha umiliki TRA akamilishe kwanza mabadiliko hayo, la sivyo barua yake itakataliwa mlangoni.

Madai yawe na sehemu zinazohesabika. Weka gharama ya spea na ufundi kama ilivyo katika ripoti, gharama ya ukaguzi, gharama ya kuisafirisha pikipiki ikiwa ilibebwa kwa gari, na mapato yaliyopotea katika siku ambazo haikufanya kazi. Mapato ndiyo hupingwa zaidi, kwa hiyo yathibitishe kwa daftari la hesabu, kwa ujumbe wa miamala ya simu unaoonesha ulichokuwa ukimpelekea tajiri kila wiki, na ikiwezekana kwa barua ya uongozi wa kijiwe chako. Dai ulichopoteza baada ya kutoa mafuta, maana ukidai jumla ya nauli zote utaonekana unatafuta faida na hata madai yako ya kweli yatatiliwa shaka.

Barua ya madai

Andika barua kwa meneja wa wakala, nakala kwa msambazaji mkuu nchini. Kichwa kiseme wazi: “YAH: MADAI YA UHARIBIFU WA PIKIPIKI YENYE NAMBA YA USAJILI MC ... ULIOTOKEA WAKATI WA MATENGENEZO YA WITO”. Mwili wa barua unaweza kufuata mfano huu:

“Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mnamo tarehe ... nilikabidhi pikipiki yangu katika karakana yenu kwa ajili ya matengenezo ya wito wa mtengenezaji kuhusu ... Wakati wa kuikabidhi, sehemu ya ... ilikuwa nzima, kama fomu ya mapokezi na picha zilizoambatishwa zinavyoonesha. Nilipoichukua tarehe ... nilikuta ... Ripoti ya ukaguzi huru ya tarehe ... inaeleza kwamba chanzo ni ... Ninaomba mrekebishe uharibifu huu kwa spea halisi na kwa gharama zenu, na mnilipe shilingi ... kwa hasara zilizoainishwa katika jedwali lililoambatishwa, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Barua hii haihusu kasoro ya kiwandani iliyosababisha wito, ambayo nimeitaja kwa ajili ya maelezo tu.”

Sentensi ya mwisho isiachwe. Peleka barua kwa mkono na urudi na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, au itume kwa EMS ya Posta na utunze stakabadhi. Mazungumzo yote yanayofuata yawe ya maandishi. Wakikupigia simu kukuahidi jambo, watumie ujumbe unaorudia ahadi hiyo na tarehe yake.

Wakala akikataa au akinyamaza

Siku 14 zikipita bila jibu la kuridhisha, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake FCC, ambayo ina ofisi Dodoma. Malalamiko yawe ya maandishi, yakimtaja mlalamikaji, mlalamikiwa, tukio kwa mfuatano wa tarehe na nafuu unayoomba, pamoja na nakala za kila kiambatisho. Nyaraka halisi usiziache. Tume ndiyo yenye dhamana ya kumlinda mlaji chini ya sheria niliyoitaja, na kwa uzoefu wa kawaida wakala aliyepuuza barua ya mtu mmoja huwa mwepesi kujibu barua inayotoka huko. Ikiwa una sababu ya kuamini kwamba spea iliyofungwa yenyewe haifikii viwango, taarifa hiyo ipelekwe Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. TBS haitakulipa fidia, ila inaweza kuwanusuru wengine waliofungiwa spea hiyo.

Njia ya mahakama inabaki wazi. Mahakama ya Mwanzo hupokea madai ya deni litokanalo na mkataba lisilozidi shilingi 30,000,000, lakini shauri linalosimama juu ya uzembe, kama mashauri mengi ya namna hii yalivyo, lifunguliwe Mahakama ya Wilaya. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, hivyo mdai asiogope kusoma na kuandika hoja zake mwenyewe. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kumbuka ukomo: shauri la uzembe lifunguliwe ndani ya miaka 3, la uvunjaji wa mkataba ndani ya miaka 6, na mazungumzo yasiyo na mwisho na wakala hayasimamishi saa hiyo.

Wakala akikubali kumaliza

Mara nyingi wakala hukubali kurekebisha lakini hukataa kulipa siku zilizopotea. Kukubali au kukataa ni hiari yako, ila yote yaandikwe katika hati ya makubaliano inayotaja kazi itakayofanywa, spea zitakazofungwa, kiasi cha fedha na tarehe ya kukamilisha. Soma kwa makini kabla ya kusaini hati yenye maneno “sina madai mengine yoyote”, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kufuta hata haki zako kuhusu kasoro ya awali ya kiwandani. Omba yabadilishwe yasomeke kwamba hati inamaliza madai ya uharibifu uliotajwa ndani yake tu, na kwamba makubaliano yataanza kuwa na nguvu baada ya pikipiki kujaribiwa kwa kilomita mtakazokubaliana na fedha kupokelewa. Siku ya kuipokea rudia ukaguzi uleule wa breki, usukani na oili, dai spea za zamani zilizotolewa, kisha ndipo uweke sahihi.