Sola ya nyumba ndogo Dar: anza na mita ya LUKU, Kariakoo baadaye

Mwaka jana mteja wangu wa Tabata alinipigia akiwa Kariakoo. "Fundi, nimesimama dukani hapa, nichukue paneli ngapi?" Nikamuuliza, "Bosi, kwako panakula wati ngapi?" Kimya. Nikamwambia ahifadhi hela yake, apande daladala arudi nyumbani akaitazame mita.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya vyumba viwili vitatu inayotaka taa, TV, feni na intaneti viendelee umeme ukikatika. Friji, pasi na kiyoyozi viache kwa TANESCO. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024 mgao umepungua, lakini mvua ikiangusha nguzo mtaani kwenu, megawati 2,115 za bwawa hilo hazikufikii.

Hatua ya 1: Hesabu kitaa chekundu

Mita ya LUKU ina kitaa chekundu kinachopepesa. Karibu yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, yaani kikipepesa mara 1,000 umekula yuniti moja. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, kisha hesabu sekunde kutoka mwako mmoja hadi mwingine. Kwa mita ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde hizo, jibu ni wati. Sekunde 36 ni wati 100. Kwa mita ya 1600, gawa 2,250. Kama mita yenu iko juu ya nguzo, usipande. Soma kibandiko nyuma ya kifaa chenyewe.

Kwangu nilianza kwa kuzima kila kitu, na kitaa bado kikapepesa kila baada ya dakika 5. Wati 12. Nikazunguka nyumba nzima mpaka nikamkuta mwizi: dekoda, imezimwa kwa rimoti tu. Wati 12 usiku na mchana ni yuniti 8 na ushei kwa mwezi. Siku hizi nachomoa plagi.

Hatua ya 2: Ziba matundu kabla ya kununua

Balbu zote ziwe za LED. Friji haitakuwa kwenye sola, ila inakula LUKU yako, kwa hiyo ipime: bana noti ya shilingi elfu kumi kwenye mlango, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka, baridi inavuja. Isogeze pia mbali na ukuta, mgongo upumue.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya siku

Huu ni mfano wa nyumba niliyofunga. Taa 5 za wati 7 kwa saa 5: 175. TV ya wati 50 kwa saa 4: 200. Ruta ya wati 10 kwa saa 8: 80. Simu za familia: 60. Pangaboi la wati 60 kwa saa 8: 480. Jumla ni wati-saa 995.

Ona pangaboi lilivyobeba karibu nusu ya mzigo peke yake. Tukaweka feni ya sola ya volti 12 inayokula wati 20, ikashuka hadi 160. Jumla mpya: 675. Mama mwenye nyumba alilalamika kwamba upepo wake ni mdogo, na kweli ni mdogo, lakini alipoona bei ya betri ya pili alinyamaza.

Hatua ya 4: Sasa nenda Kariakoo

Paneli: nahesabu saa 4 za jua kamili kwa siku, kwa sababu masika ipo, na natoa asilimia 30 ya upotevu, zinabaki 2.8. 675 gawa kwa 2.8 ni wati 241. Nilifunga mbili za 150. Nenda na futi ya kupimia. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200, hivyo paneli ya nusu mita ya mraba iliyobandikwa wati 300 ni uongo wa mchana, hata muuzaji aape vipi.

Betri: ya jeli usiishushe chini ya nusu. 675 mara mbili, gawa kwa volti 12, ni kama ampea-saa (Ah) 113. Chukua 120 au 150. Ya lithiamu inaruhusu utumie asilimia 80, Ah 100 inatosha na kubaki.

Kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli kwenda betri, ndiyo inayoangusha wengi. Ya aina ya PWM ni rahisi, ila inataka paneli ya seli 36, vile vipande unavyoviona chini ya kioo. Ukiipa paneli kubwa ya volti 30 na zaidi kwenye betri ya volti 12, zaidi ya nusu ya nguvu inapotea. Paneli kubwa inataka kontrola ya aina ya MPPT. Kwa mfumo huu, PWM ya ampea 30 inatosha.

Hatua ya 5: Juu ya bati

Dar iko kama digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo elekeza paneli kaskazini, mwinamo wa digrii 10 hivi ili mvua ioshe vumbi. Acha nafasi ya kiganja kati yake na bati. Paneli ikipata moto inatoa kidogo.

Kazi yangu ya kwanza niliifunga saa sita mchana, ikapendeza. Saa tisa kivuli cha mnara wa tenki la maji kikalala juu ya kona ya paneli, chaji ikaporomoka. Nilirudi kuhamisha kwa gharama yangu. Panda asubuhi, panda tena jioni, angalia vivuli ndipo utoboe bati.

Hatua ya 6: Kuunganisha

Funika paneli kwa kanga nzito. Betri iingie kwenye kontrola kwanza, halafu paneli, mwisho taa na feni. Ukifungua, rudi kinyume. Weka fyuzi karibu kabisa na chanya ya betri. Waya wa paneli usipungue milimita 6 za mraba, wa 2.5 kwa umbali wa mita 10 hula zaidi ya volti 2 njiani.

Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, ni ya TV tu. Usiku izime, maana nayo inakula. Usiichomeke kamwe kwenye nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia kati ya TANESCO na inveta, iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Umeme wako ukirudi kwenye laini, unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Hatua ya 7: Kunguru na alfajiri

Kunguru wa Dar mnawajua. Kinyesi kimoja juu ya seli ni kivuli. Futa asubuhi kabla kioo hakijapata moto, kwa maji na kitambaa. Wa Kigamboni na Msasani, osheni mara nyingi zaidi, chumvi ya bahari inaganda.

Wiki ya kwanza pima betri ya jeli alfajiri kabla jua halijatoka. Volti 12.2 ni kama nusu, uko mpakani. Ukikuta chini ya 12, leo TV inazimwa baada ya taarifa ya habari.