Kabla ya kuchuma uyoga na matunda pori Pugu

Masika yakishika, kati ya Machi na Mei, uyoga huchomoza kila upande msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, na watu wa Dar hupenda kwenda kutembea huko. Kabla hujatoka nyumbani amua: unakwenda kutazama au kuchuma? Msitu ule ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali kwa anayetoa mazao ya msituni. Uliza getini. Kwa anayejifunza, kutazama na kupiga picha kunatosha kabisa. Vaa buti na suruali ndefu, kwa ajili ya nyoka na upupu.

Anza na matunda, maana mengine umeshayazoea sokoni. Bungo unalijua kwenye glasi ya juisi, lakini msituni ulitambue likining'inia kwenye mmea unaopanda miti, na ukilikata linatoa utomvu mweupe. Kwa hiyo wanaosema kila chenye utomvu mweupe ni sumu wanakosea, na kanuni fupi za aina hiyo ndizo zinazoponza watu. Furu likiiva huwa jeusi. Jifunze jani na gome pia, usitegemee tunda peke yake. Ukienda na watoto, waonyeshe mapema tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga: ikitafunwa moja hutoa abrini, sumu inayoweza kuua. Vitunda vya njano vya ndulele navyo waviache. Mnavu tunakula majani, lakini vitunda vyake vikiwa bado kijani vina sumu.

Uyoga unataka tahadhari zaidi. Usile uyoga wa porini mpaka mtu anayeuchuma na kuula mwenyewe miaka yote, katika eneo hilohilo, akuonyeshe kwa mkono wake. Picha ya simu haitoshi. Hata uyoga wa kichuguu, ambao mchwa huulima ndani ya kiota chao na shina lake hushuka chini kama mzizi, uuchimbue mzima badala ya kuukata. Uyoga wenye sumu kali wa jamii ya Amanita una kifuko kwenye kitako, na mara nyingi hufukiwa na udongo. Ukikata juu umeacha alama muhimu ardhini. Upo pia uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi za bustani, unaoharisha na kutapisha vibaya. Laza kofia yake juu ya karatasi nyeupe usiku kucha: asubuhi utakuta vumbi la kijani.

Usiamini kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, wala kwamba kuchemsha kunaondoa sumu. Sumu ya Amanita haiharibiwi na moto. Huanza kuumiza baada ya saa 6 hadi 24, mgonjwa akatapika na kuharisha, kisha akapata nafuu ya siku moja hivi huku ini likiendelea kuharibika. Nafuu hiyo ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Kwa hiyo kila unapopika, bakiza uyoga mmoja mbichi, na tumbo likichafuka nenda nao hospitali mara moja, pamoja na wote mliokula sufuria moja, hata wasioumwa.