Kabla Hujapulizia Mianzi Dawa, Soma Doa

Majani ya mwanzi yakitoa madoa, wengi wetu tunakimbilia bomba la kupulizia. Hata mimi nilifanya hivyo. Mwaka mmoja nilipulizia uzio wangu dawa ya ukungu mara mbili na madoa yakazidi tu, kumbe ilikuwa kazi ya utitiri, vijidudu vidogo ambavyo jicho huvikosa kwa urahisi, na dawa ile haiwahusu kabisa. Siku hizi najiandaa mapema, wiki chache kabla ya mvua, na maandalizi yenyewe kwa sehemu kubwa hayana dawa ndani yake.

Hakikisha kwanza kwamba ulicho nacho ni mwanzi. Ule mmea unaouzwa mjini ukiwa kwenye glasi ya maji kama mwanzi wa kuleta bahati si mwanzi, ni dracaena. Ncha zake zikikauka na kuwa kahawia, mara nyingi kosa liko kwenye maji ya bomba. Jaribu maji ya mvua. Mwanzi halisi ni jamii ya nyasi, na kama nyasi nyingine huacha majani yake ya zamani. Kiangazi kikikaza utaona majani ya chini yanakuwa njano na kupukutika. Huo si ugonjwa. Wasiwasi uanze pale majani machanga ya juu yanapotoka na madoa.

Sasa tafuta kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, na kama una lenzi ya kukuzia ibebe. Chuma majani kumi hivi kutoka pande mbalimbali za kichaka, uyageuze, maana habari nyingi ziko upande wa chini. Futa. Kitambaa kikitoka na unga wa rangi ya machungwa au kahawia kama kutu ya bati, hiyo ni kutu ya majani, aina ya kuvu, yaani ukungu. Kikitoka cheusi kama umepangusa sufuria ya kuni na jani likabaki kijani, hayo ni masizi yanayoota juu ya utamu unaotolewa na vidukari au wadudu gamba. Shughulika na wadudu, masizi yataisha yenyewe. Doa jeusi linalong'aa, lililoinuka kama tone la lami na halifutiki, ni kuvu pia, lakini mara nyingi huharibu sura kuliko afya ya mmea. Utitiri una alama yake: juu ya jani kuna vipande vyeupe vyeupe vya mstatili, kama vimeshonwa kwa mstari, na chini yake kuna utando mwembamba.

Michirizi ya njano inayofuata urefu wa jani, isiyofutika na isiyo na mdudu, inaweza kuwa virusi. Virusi vya mimea havina dawa. Kichaka kama hicho usichukue mbegu yake, na panga lililokikata lisiguse kingine kabla hujalisafisha. Ndiyo maana ndoo ya jiki huwa tayari kwangu kabla ya kupogoa: sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, dakika kumi, kisha unasuuza na kupaka mafuta kwa sababu jiki hula chuma.

Kupogoa kwenyewe ndiko tiba kubwa ya kuvu. Kuvu hupenda jani linalokaa na maji muda mrefu, na kichaka kilichosongamana hakikauki. Toa fito zilizokufa na zile zilizokwisha kukomaa, za miaka mitatu au minne kwenda juu, hasa za katikati, ili upepo upite. Majani yenye madoa yachomwe au yafukiwe mbali; yale mazima yaache chini ya kichaka, ni mbolea. Ukimwagilia, mwagilia shinani, asubuhi.

Kama wadudu wamethibitika, anza na sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, au mafuta ya mwarobaini kwa kipimo cha lebo. Jaribu kwenye majani machache kwanza, subiri siku mbili. Pulizia jioni, ukilenga chini ya majani, urudie baada ya siku tano hadi saba kwa sababu mayai hubaki. Dawa za shaba kwa ajili ya kuvu hukinga jani lenye afya lisishikwe, haziponyi lililokwisha kushikwa, kwa hiyo ukizipulizia wakati kila jani limejaa madoa umechelewa. Nunua zilizosajiliwa, kwa Tanzania usajili huo uko chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na afisa ugani atakusaidia kusoma lebo.

Kwa wenzangu wa Iringa na Njombe kuna jambo moja zaidi. Mwanzi wa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi, hugemwa kwenye machipukizi wakati wa mvua, msimu uleule ambao kuvu hushamiri. Ukishatega mbeta, chombo cha kukingia ulanzi, usipulizie kemikali kichaka hicho wala cha jirani yake. Pogoa, safisha, vumilia.

Usitegemee doa la zamani lifutike. Mimi hufunga uzi mwekundu kwenye tawi moja lenye kichipukizi, nikarudi baada ya wiki tatu au nne kutazama kama majani yaliyotoka juu ya uzi ni safi.