Jinsi ya kulalamikia kipindi kilichoegemea upande mmoja kwenye kampeni za kura ya maoni Uingereza

Huhitaji uraia wala kuwa mpiga kura. Ukitazama au kusikiliza, unaweza kulalamika. (Na kama ulikuwa Mkenya au Mtanzania mkazi halali huko mwaka 2016, kura ya Brexit, yaani ya Uingereza kujitoa au kubaki Umoja wa Ulaya, ilikuhusu pia, maana raia wa Jumuiya ya Madola waliruhusiwa kupiga.)

Kwanza hakikisha unalalamikia redio au televisheni. Magazeti hayabanwi na kanuni ya kutopendelea: mwaka 2016 The Sun lilipigia debe kujitoa, The Guardian likapigia debe kubaki, na hakuna aliyevunja sheria.

Pili, andika kilichotokea, si hasira zako. Taja kituo, kipindi, tarehe, saa na dakika. Kisha eleza: mgeni fulani alidai hivi, mtangazaji akaitikia "kabisa", wakaenda kwenye matangazo, na upande wa pili haukusikika hadi kipindi kikaisha. Usitegemee kuhesabu dakika tu. Kanuni za Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, hazidai dakika sawa kwa sawa. Zinadai kila upande upewe uzito unaostahili, hasa makundi yaliyoteuliwa na Tume ya Uchaguzi kuongoza kampeni za kila upande. Mwaka 2016 yalikuwa Vote Leave (kujitoa) na Britain Stronger in Europe (kubaki). Uwiano huo unaweza kupatikana katika vipindi kadhaa vinavyohusiana, kwa hiyo sikiliza na kinachofuata kabla ya kutuma. Vinginevyo kituo kitakujibu kwamba wapinzani walialikwa kesho yake, na hoja yako itafia hapo.

Siku ya kupiga kura mambo ni mepesi zaidi. Mjadala wa hoja za kampeni hukoma vituo vya kura vinapofunguliwa, saa 1 asubuhi, na matokeo ya tafiti za maoni ya wapiga kura hayatangazwi hadi vifungwe saa 4 usiku. Hapo saa ya ukutani ni ushahidi tosha.

Sasa tuma. Kwa ITV, Channel 4, Sky au redio za binafsi, jaza fomu kwenye tovuti ya Ofcom ndani ya siku 20 za kazi tangu kipindi kirushwe. Kwa BBC anza na BBC yenyewe, ndani ya siku 30 za kazi. Jibu la kwanza lisipokuridhisha, wajibu tena ukionyesha walichokiruka. Kisha omba kitengo chao cha Executive Complaints Unit kiangalie. Ukimaliza ngazi hizo ndipo uende Ofcom. Ila kama kilichokukera ni Idhaa ya Kiswahili ya BBC, Ofcom haitakusaidia: BBC World Service haiko chini yake.

Tunza namba ya malalamiko. Ofcom haimpigii kila mlalamikaji simu; maamuzi huchapishwa kwenye taarifa yake mtandaoni. Kituo kikikutwa na kosa kubwa, kinaweza kuamriwa kuusoma uamuzi huo hewani, au kupigwa faini.